"Nitakuwekea Mpaka Ijumaa": Neno la Muuzaji Linamfunga Lini?

Novemba mwaka jana, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya juu ya vilima vya Machakos, mama yangu alikuwa anatafuta tanki la maji la lita 3,000. Anaishi upande wa Mutituni. Kama wewe ni mtu wa Ukambani, huhitaji kuelezwa tanki ni nini. Mvua ikipita bila kukingwa, utanunua maji ya mtungi hadi msimu ujao.

Jumatatu akamwandikia muuzaji mmoja wa mjini kwa WhatsApp. Jibu likaja haraka: "Mama, hiyo 3,000 ni 24,500. Nitakuwekea kwa hiyo bei mpaka Ijumaa jioni. Till ni hii, ukiwa tayari tuma."

Pesa za chama ziliingia kwa simu yake Alhamisi, kama saa mbili usiku. Nikamwambia atume hapo hapo. Akakataa. "Siwezi tuma pesa kwa kitu sijagusa." Mama ni mtu wa kugonga tanki kwa vidole kabla hajalilipia, na kusema kweli hiyo tabia imetuokoa mara nyingi. Ijumaa asubuhi tukapanda matatu, kabla ya saa tatu tulikuwa mlangoni.

"Ile tanki ilienda jana mchana, mama. Kuna mtu wa ploti alichukua zote tatu."

"Si ulisema Ijumaa?"

"Nilisema. Lakini hukuacha kitu."

"Na zingine?"

"Zinakuja Jumanne. Hizo sasa ni 28,000."

Mama hakubishana. Mimi ndiye nilikuwa na moto. Nilifika nyumbani nikafungua simu niandike posti ndefu ya kumwanika huyo jamaa, na picha ya ile meseji nikaiweka tayari. Kabla sijabonyeza nikakumbuka nilisoma sheria ya biashara chuoni, mwaka wa pili, darasa la saa moja asubuhi ambalo wengi wetu tulilala. Nikatafuta noti zangu nihakikishe kwamba sheria iko upande wetu.

Haikuwa upande wetu. Na yale maneno matatu ya muuzaji, "lakini hukuacha kitu," ndiyo sheria yenyewe, neno kwa neno.

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja. Sisi watu wa masoko tumeliharibu neno "ofa" mpaka likawa na maana ya bei iliyoshushwa. Kwa sheria, ofa ni pale ninapokuambia: nakuuzia kitu hiki, kwa bei hii, ukikubali tumemaliza. Ukikubali, kuna mkataba. Kabla hujakubali, hakuna. Na katikati hapo, mwenye kutoa ofa anaweza kuiondoa wakati wowote, hata kama alikuahidi kukungoja. Ahadi ya kungoja ni ahadi ya bure, na ahadi ya bure, kwa sheria tuliyorithi, haimfungi mtu.

Nasema tuliyorithi kwa sababu ndivyo ilivyo. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, ni fupi sana. Inasema kimsingi kwamba kanuni za mikataba za Uingereza ndizo zitakazotumika hapa, isipokuwa pale sheria yetu imeandika vingine. Kabla ya hiyo tulitumia Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, nayo pia ilimruhusu mtu kuondoa ofa kabla haijakubaliwa. Kwa hivyo ukitaka kujua kilichompata mama Machakos, inabidi uende Uingereza mwaka 1874.

Juni mwaka huo, siku ya Jumatano, bwana anayeitwa Dodds alimwandikia bwana Dickinson kwamba anamuuzia nyumba kwa pauni 800, na kwamba ofa itabaki wazi mpaka Ijumaa saa tatu asubuhi. Alhamisi akauzia mtu mwingine. Dickinson akasikia uvumi, akaanza kumtafuta, na Ijumaa saa moja asubuhi mtu wake alimkuta Dodds kwenye stesheni ya treni, akampa barua ya kukubali. Dodds akamwambia amechelewa. Mwaka 1876 Mahakama ya Rufaa ikampa Dodds ushindi. Ahadi ya "mpaka Ijumaa" haikulipiwa chochote, na Dickinson alikuwa ameshajua kwamba mali imeuzwa kabla hajakubali.

Nilipoisoma tena hiyo kesi nilicheka peke yangu. Miaka mia moja na hamsini, na bado ni Ijumaa ile ile, saa tatu ile ile.

Lakini hapo ndipo simu inapobadilisha mambo, na hapo ndipo nilipoumia kabisa. Angalia tena ile meseji: "Till ni hii, ukiwa tayari tuma." Muuzaji mwenyewe alikuwa ameshasema njia ya kukubali ni ipi. Ni kulipa. Alhamisi saa mbili usiku mama alikuwa na pesa, na hakuwa amesikia popote kwamba matanki yamekwisha. Muuzaji alikuwa ameshauza, ndiyo, tangu mchana, ila hakuwa amemwambia. Kama mama angetuma 24,500 usiku ule, mkataba ungekuwa umekamilika, na huyo muuzaji angedaiwa tanki hata kama stoo ilikuwa tupu. Angelazimika kulitafuta kwingine au kulipa hasara. Kati ya mama na tanki lake kulikuwa na PIN tu.

Hili la kuambiwa si kitu kidogo. Kuondoa ofa kunahesabika siku habari inapomfikia mnunuzi, wala si siku muuzaji alipoamua moyoni. Kesi yake ni ya biashara ya mabati. Tarehe 1 Oktoba 1879, kampuni ya Cardiff ilituma barua New York ikitoa ofa ya masanduku 1,000 ya mabati meupe. Tarehe 8 ikabadilisha nia, ikatuma barua ya kufuta. Barua ya kwanza ilifika New York tarehe 11, wanunuzi wakakubali siku hiyo hiyo kwa simu ya maandishi. Barua ya kufuta ikafika tarehe 20. Mahakama ikasema mkataba upo, ile ya kufuta ilichelewa.

Sasa weka hiyo kwenye WhatsApp. Umemtumia mteja bei. Baadaye msambazaji wako amekupigia kwamba bei imepanda, ukamwandikia mteja "samahani, sahau ile bei." Meseji ina tiki moja. Simu ya mteja imezimwa, au yuko pande za Masinga ambapo network inakuja na kuondoka. Kwa maoni yangu, ukisimama na ile kesi ya mabati, tiki moja haijaondoa kitu. Ile bei ya kwanza aliisoma, na ikiwa mtandao umerudi kidogo akalipa kwanza kabla ya meseji yako kumfikia, umeuza. Na kuifuta ile meseji ya bei hakusaidii kama alikuwa ameshaisoma. Ukiwa na haraka ya kuondoa ofa, piga simu. Asipopatikana, jaribu tena. Na kumbuka mnunuzi akisikia kutoka kwa mtu wa kuaminika kwamba kitu kimeuzwa, kama Dickinson alivyosikia, hiyo nayo inatosha. Hawezi kukimbia kulipa akijifanya hajui.

Wengine watauliza: na yale mabango? Bei iliyobandikwa kwenye kitu, picha kwenye status, karatasi ya "OFA! OFA!" ukutani? Hapo kwa kawaida hakuna ofa kabisa, kwa ile maana ya sheria. Ni mwaliko. Mwaka 1953 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya maduka ya dawa ya Boots, ikasema bidhaa kwenye rafu inamwalika tu mteja. Mteja ndiye anayetoa ofa akifika nayo kwa keshia, na keshia ndiye anayekubali. (Kwa Kiingereza hiyo meza ya keshia ndiyo "till". Sisi till imekuwa namba ukutani, na hiyo inachanganya watu.) Ukiona picha ya viatu kwenye status, ukalipa kwa till bila kuuliza, hiyo pesa yako ndiyo ofa. Muuzaji anaweza kusema saizi yako imekwisha na kukurudishia, na hajavunja mkataba wowote. Akikaa na pesa ni hadithi nyingine. Na akitangaza kitu huku anajua hana, ili tu akuvute dukani akuuzie cha bei ya juu, hapo amegusa Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012, ambayo haipendi kabisa maneno ya uongo kuhusu bidhaa na bei. Ndiyo maana huwa nawaambia wateja wetu wenye biashara: status ni ya watu wote, lakini ukimjibu mtu mmoja kwa jina, kitu kimoja, bei moja, na namba ya till, umeacha kualika. Umetoa ofa.

Turudi kwa "hukuacha kitu." Watu wa Pwani wana neno zuri la kile kitu: arbuni. Ni ile pesa kidogo ya mbele inayofunga neno. Kumbe Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inalitambua jambo hilo hilo. Inasema mauzo ya bidhaa za shilingi 200 au zaidi hayawezi kudaiwa mahakamani isipokuwa mnunuzi amekubali na kupokea sehemu ya bidhaa, au ametoa kitu cha kufunga mkataba, au amelipa sehemu ya bei, au kuna maandishi yenye sahihi ya yule anayedaiwa. Shilingi 200! Sheria hii ina mizizi katika sheria ya Uingereza ya 1893, na enzi za mkoloni hizo zilikuwa pesa za maana. Leo 200 haikupi hata nusu kilo ya nyama, kwa hivyo karibu kila kitu unachonunua zaidi ya mboga kimo ndani. Mkikubaliana kwa mdomo tu, hata mbele ya mashahidi kumi, una neno lakini huna kesi. Ukituma 1,000 kwa till na mkubaliane kwamba ni sehemu ya bei, una vyote.

Meseji ya malipo ndiyo inabeba uzito hapa. Ina jina la biashara, kiasi, tarehe, saa hadi dakika, na namba ya muamala. Kitu ambacho haina ni sababu. Till haikuulizi unalipia nini. Kwa hivyo ukishalipa, mwandikie muuzaji mstari mmoja: "Nimetuma 1,000, ni ya mwanzo kwa tanki la 3,000 kwa bei ya 24,500, salio nikija Ijumaa." Akijibu hata "sawa," uko mahali pazuri. Na kabla ya PIN, soma jina linalokuja kwenye simu. Jina likiwa si la duka unalolijua, simama hapo. Wasiwasi wa mama wa kulipia asichogusa haukuwa upuzi; walaghai wa matanki wapo.

Kuna upande wa pili ambao wanunuzi huusahau. Arbuni inafunga watu wawili. Ukishalipa sehemu ya bei umenunua, na ukipata cha bei nafuu kule Tala, huyu wa Machakos ana haki ya kukudai hasara. Kama hujaamua, usilipe sehemu ya bei. Lipa kitu kidogo cha kushikilia tu, 300 au 500, na muandike wazi kwamba hiyo ni ya kukuwekea mpaka siku fulani. Hapo ile ahadi ya kungoja imelipiwa, na muuzaji hawezi tena kuiondoa kabla ya siku hiyo.

Sasa nifike kwa jambo ambalo limenifanya niandike hii makala, kwa sababu naliona kila wiki kwa malalamiko. Mnunuzi amelipa yote. Saa mbili baadaye anaona pesa zimerudi kwa simu yake, na meseji: "Pole, bei imepanda, nimekurudishia." Muuzaji anaona amefanya uungwana. Hajakula pesa ya mtu, si ndiyo? Na mnunuzi mwenyewe mara nyingi anaona yamekwisha, ananung'unika, anaendelea.

Hayajakwisha. Kurudisha pesa si kufuta mkataba. Ulitoa ofa kwa mtu, akakubali kwa kulipa, mkafungana. Huwezi kujifungua peke yako kwa kubonyeza simu. Mnunuzi ana haki ya kudai hasara, na kipimo cha kawaida cha hiyo hasara ni tofauti kati ya bei mliyokubaliana na bei ya soko siku ambayo bidhaa ilipaswa kufika. Kwa tanki la 24,500 ambalo sasa ni 28,000, hiyo ni 3,500. Pesa zake mwenyewe alizorudishiwa hazihesabiki kama fidia. Zilikuwa zake. Na mahali pa kudai pako: Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016, inasikiliza madai ya mpaka shilingi milioni moja, na kesi inatakiwa kumalizika ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Ni kweli watu wachache wataenda mahakamani kwa 3,500. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia muuzaji "umenikosea" na kumwambia "unanidai, nami nakudai 3,500, tuelewane." Wengi huelewana.

Najua wafanyabiashara watanijibu nini, maana nimekaa nao. Bei ya msambazaji inabadilika usiku. Mafuta yakipanda, usafiri kutoka Nairobi unapanda asubuhi yake. Mtu ana stoo ya matanki matatu, na watu sita wamemwambia "niwekee." Akiwafungia wote sita bure, atalala njaa, na wanne kati yao hawatarudi. Hiyo ni kweli tupu. Ndiyo maana sina shida na sheria kumruhusu muuzaji kuondoa ofa kabla haijakubaliwa. Nina shida na sehemu moja tu: tarehe.

Ukiniambia "bei ni 24,500," nimeelewa inaweza kubadilika. Ukiniambia "mpaka Ijumaa jioni," umenifanya nipange. Mama alingoja chama mpaka Alhamisi kwa sababu ya neno Ijumaa. Asingelisikia, angekopa kwa dada yake Jumatatu. Muuzaji alipata faida ya ile tarehe, kwani mama hakuenda duka la pili, na hakulipia chochote kwayo.

Na si lazima iwe hivi. Marekani, mfanyabiashara akiandika na kutia sahihi kwamba ofa yake ya bidhaa itabaki wazi, hawezi kuiondoa kwa muda aliosema, usiozidi miezi mitatu, hata kama hakulipwa senti. Mkataba wa kimataifa wa mauzo ya bidhaa wa 1980 una kanuni inayofanana nayo: ofa iliyotajiwa muda wa kukubaliwa haiondolewi ndani ya muda huo. Jirani zetu Uganda wamo kwenye mkataba huo tangu miaka ya tisini, ingawa unahusu biashara za kuvuka mipaka, si tanki la mama mtu. Kenya hatumo. Hata Waingereza wenyewe, mwaka 1937, kamati yao ya kurekebisha sheria ilipendekeza ofa yenye muda imfunge aliyeitoa. Pendekezo likabaki kwenye kabati, na mwaka 1960 sisi tukachukua kanuni ya zamani kama ilivyo.

Mimi si wakili, ni mtu wa masoko. Lakini ningependa bunge letu liongeze mstari mmoja kwenye Sura ya 31: mwenye biashara akimwandikia mteja bei na tarehe, asiweze kuiondoa kabla ya hiyo tarehe, tuseme kwa muda usiozidi siku saba. Asiyetaka kufungwa asitaje tarehe. Aandike "bei inaweza kubadilika," au "anayelipa kwanza ndiye anayechukua," herufi chache tu. Mzigo huo ni mwepesi kwake kuliko ulivyo kwa mtu anayengoja zamu ya chama. Maana kwa sasa hali ni hii: mwenye 1,000 ya ziada Jumatatu analindwa na sheria, na asiye nayo analindwa na roho nzuri ya muuzaji.

Ile posti sikuiweka. Nilimpigia muuzaji badala yake, nikamuuliza kwa upole kwa nini hakumwambia mama Alhamisi mchana ile ile. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kijana, nilisahau. Watu wanaulizanga bei wakienda hivyo." Nikamwamini.

Mama alinunua tanki duka lingine, kwa 26,000. Aligonga kwa vidole, akachungulia ndani, akauliza kifuniko kiko wapi. Halafu akatuma 2,000 kwa till akiwa amesimama hapo hapo kaunta, akamwonyesha muuzaji meseji, na kumwambia aandike kwenye risiti kwamba salio ni 24,000 tanki likifika Mutituni. Lilifika Jumapili. Mvua ikanyesha Jumatano.